Figa la Mgeni wa Heshima

Simu ilinipata nikichuma avokado huku Kilungu. Alikuwa kijana wa kanisa la kule chini barabarani, adabu yake nzuri tu, akaniambia kanisa linafungua ukumbi mpya na kamati imekaa ikaonelea kwamba wale wageni wa mwaka wa mvua waalikwe watoe ushuhuda. "Wageni gani?" nikamuuliza. "Si wale mlikuwa mnalala kanisani, mama. Mkuje mseme vile Mungu aliwatendea kupitia hii kanisa. Hata saa hii tuko na wengine, mvua ya juzi imewatoa huko mtoni." Nikamwambia mimi sijawahi kuwa mgeni huko. Nyumba yetu ilikuwa chini ya hilo kanisa, ukisimama mlangoni unasikia kwaya ikifanya mazoezi, unajua hata ni nani anaharibu wimbo. Kijana akacheka, akafikiri natania. Nilikata simu nikaanza kuchuma zile mbichi, nazitupa chini moja baada ya nyingine, mpaka mkono ukachoka, kisha ikanibidi niiname niziokote zote, maana nani mwingine ataziokota? Hasira ya mtu mzima ina kazi nyingi.

Mambo mengine ya maisha yangu nimeyaeleza kwa upole. Haya siwezi. Habari za ukoo pia naziacha, nani alimzaa nani na tulifikaje pale karibu na Kiboko, kwa sababu kila nikianzia hapo watu hunipa pole na kusahau nilichotaka kusema. Itoshe kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane, shule nimemaliza, na nilikuwa nakaa na nyanya yangu pamoja na mke wa kaka yangu. Nyanya kwa Kikamba tunamwita Susu, na huyu wangu alikuwa Susu Kalondu, mwanamke mfupi, mkali, aliyeuza mboga pale sokoni na kugombana na kila mnunuzi. Mke wa kaka yangu ni Mutheu. Alikuwa mja mzito, tumbo limeshashuka, na mume wake alikuwa Mombasa kibaruani. Mvua ilipokata barabara, hata salamu zake hazikutufikia.

Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Tulichimba maji mle, watoto walicheza mpira mle. Siku ulipokuja ulikuja mchana, na sisi tukasimama tunautazama kwa furaha, wajinga sisi, tunasema angalau ndengu zitakuwa nyingi. Kufikia saa za chakula ulikuwa umeingia jikoni. Nyumba ya udongo haianguki kwa kishindo vile watu hufikiria. Inalainika. Ukuta wa chumba changu ulikaa chini polepole, na kitanda changu kikabaki kimesimama nje peke yake kwa muda, shuka limetandikwa vizuri, halafu nacho kikaenda. Tulitoka na sufuria moja, godoro, mfuko wa nguo za mtoto, na kiondo cha Susu. Mutheu alipanda ule mlima akishika tumbo kwa mikono miwili. Mlangoni mwa kanisa tulipokelewa kwa wimbo, na wakati huo, nisiwe mwongo, nililia kwa shukrani.

Ndani walikuwa wamerundika viti kwenye ukuta mmoja. Tulilala kati ya mimbari na zile ngoma za kwaya zilizofunikwa shuka jeupe, kila familia imejigawia kipande chake kwa leso zilizofungwa kwenye kamba. Kulinuka nguo mbichi, mikojo ya watoto, na ile rangi ya mafuta waliyokuwa wamepaka ukutani kabla ya mvua. Ukikohoa, mtu wa upande wa pili anasema pole. Chakula kilikuwepo. Akina mama wa kanisa walipika nyuma kwa sufuria kubwa ya mazishi, muthokoi mchana, muthokoi jioni, ndengu zikipatikana wanachanganya, na muthokoi wao ulikuwa mtamu, mahindi yamekobolewa vizuri na kuiva mpaka ndani. Nasema haya kusudi mtu asije akaniambia sina shukrani.

Jioni ya kwanza mwenyekiti wa kamati, Mzee Muli, alisimama mbele yetu na Biblia kwapani. "Karibuni sana," akasema. "Hapa ni nyumbani. Mjisikie nyumbani. Lakini hakuna kuweka mafiga." Mgeni wa sehemu zile angefikiri anaongea juu ya moto na usalama. Sisi tulielewa. Kwetu, mahali mwanamke ameweka mawe matatu na kuinjika sufuria pameshakuwa nyumba, hata kama juu ni mbingu tupu. Ukiyapiga teke mafiga ya mtu umevunja boma lake, na wazee watakuita ujieleze. Kwa hivyo yule mzee alituambia mambo mawili kwa pumzi moja: mko nyumbani, na msithubutu kuwa na nyumba. Baadaye nilimsikia mwenyewe nyuma ya zile leso akiongea na mwenzake wa kamati. "Hawa watu wa mtoni ukiwaacha waweke mafiga, utawatoa aje? Si watasema ni kwao?" Mwenzake akasema, "Lakini Mzee, hata huko mtoni ni hapo tu." "Hapo ni hapo," akasema Mzee Muli, "na hapa ni hapa."

Na kuanzia hapo tukawa wageni. Wageni waoshe vyombo. Wageni wasiguse ngoma. Wageni wapange laini. Mama fulani aliyenunua sukuma wiki kwa Susu kila wiki ya Mungu, tena kwa kupunguziwa, alimpita na bakuli akasema, "Huyu mgeni bado hajapata." Susu akamtazama. "Mama Kilonzo, mimi ni mgeni tangu lini? Sukuma yangu ulikuwa unakula ukiwa wapi?" Yule mama akacheka kwa aibu na kusema ni vile tu watu wanaongea. Ndiyo, ni vile tu watu wanaongea. Miaka yote hii nimejaribu kusadiki kwamba ni vile tu watu wanaongea, na sijaweza.

Mutheu alijifungulia katika kile chumba kidogo ambamo wanakwaya huvalia majoho. Ilikuwa asubuhi, mvua inapiga mabati hata huwezi kusikia mtu akilia. Aliyemzalisha ni mke wa Mzee Muli, na alimzalisha vizuri, mikono yake ilikuwa na huruma na alikesha naye. Binadamu hawako rahisi kama tungependa wawe. Mtoto alikuwa msichana, mweusi, mwenye hasira, amekunja ngumi. Yule mama alitoka naye mbele ya watu wote, amemvingirisha leso yake mwenyewe, akasema, "Jameni, tumepata Mueni!" Watu wakapiga makofi.

Mueni ni jina zuri. Nina marafiki wanaoitwa hivyo. Ni jina la msichana aliyezaliwa wakati kuna wageni nyumbani, au aliyezaliwa ugenini, maana neno lenyewe ni mgeni. Nilimwona Susu akiacha kutafuna. Aliinuka, akaenda akamchukua mtoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ni Mumbua." Yaani wa mvua. "Lakini Susu," yule mama akasema, "si amezaliwa ugenini?" Susu akasema, "Amezaliwa kwao. Kilichokuja ni mvua, si yeye. Mpe mvua huo ugeni." Kukawa na kicheko kidogo, halafu Mzee Muli akaingilia kati akasema jina si neno la kubishania, kanisa lina utaratibu wake, Jumapili pasta atamwombea mtoto kwa jina la Mueni na mambo yaishe. Akasema Mueni ni jina la baraka, hata wafadhili wakija watalipenda. Hilo la wafadhili lilimwingia Susu kuliko yote.

Msidhani Susu alikuwa mtu wa falsafa. Alikuwa na kichwa kigumu tu. Alichojua ni kwamba kwao Kyuso, alikozaliwa, mtoto hupewa jina na wanawake wakila chakula kilichopikwa kwa moto wa mama yake, na kwamba jina lililotolewa hivyo hata pasta halibadilishi. Bila moto wa Mutheu hakuna jina, na bila jina letu lingebaki lao. "Nikifa," aliniambia tukisuuza nguo, "na huyu mtoto anaitwa mgeni, mtaniambia alizaliwa wapi? Hewani? Atakua akiomba ruhusa kila mahali." Nilimwambia, "Susu, hao watatufukuza." Akasema, "Watufukuze na jina letu."

Nyuma ya kanisa walikuwa wameanza nyumba ya pasta, mvua ikawasimamisha. Mawe ya kuchonga yalikuwa yamerundikwa pale chini ya karatasi ya nailoni. Siku ya jina Susu alinituma maji, na niliporudi nilikuta ameshaweka mafiga yake matatu nyuma ya ule ukuta, mahali mvua haifiki, moto umewaka, sufuria yetu ile moja iko juu, na uji wa wimbi umeanza kutokota. Mutheu amekaa kwenye debe na mtoto kifuani. Wanawake wanne watano wa mtoni wamechuchumaa pale wanaota moto, na nyuso zao, Mungu wangu, nyuso zao zilikuwa zimerudi. Mmoja alikuwa anamsengenya mume wake. Tangu mto utubebe sikuwa nimesikia mtu akisengenya kwa raha vile.

Nilizunguka kuweka ndoo chini, na ndipo nikaliona figa la tatu. Mawili yalikuwa mawe ya kawaida. La tatu lilikuwa laini, limesawazishwa pande zote, na upande ulioelekea kwangu ulikuwa na herufi zilizochongwa na kupakwa rangi ya dhahabu. Moshi ulikuwa umeanza kuzifuta. Nikasoma: jiwe hili la msingi limewekwa na mheshimiwa fulani, jina lake lote na vyeo vyake, na chini yake, mgeni wa heshima. Lilikuwa limefungwa gunia likingoja mvua iishe ndipo huyo mheshimiwa aje aliweke siku ya harambee. "Susu," nikasema kwa kunong'ona, "hili jiwe limeandikwa." Susu hakujua kusoma. Alikuwa amechagua jiwe hilo kwa sababu halikuyumba. "Nilidhani ni maua," akasema. "Limeandikwa nini?" "Jina la mtu. La mheshimiwa." Akakoroga uji. "Mwambie angoje uchemke."

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta, na kicheko ndicho kilichomleta Mzee Muli. Alikuja na mwavuli, kamati nyuma yake. Aliangalia moto, akaangalia sisi, kisha akaliona jiwe. "Mama Kalondu! Unajua hii ni jiwe ya nani? Hii ni jiwe ya mgeni wa heshima!" Susu bado amechuchumaa na mwiko mkononi. "Ya nani?" "Ya mgeni! Mgeni wa heshima!" "Kumbe," akasema Susu, taratibu kabisa, "hapa wageni wanaweka mawe. Si ulituambia wageni hawaweki mawe?" Hakuna aliyecheka sasa. Mzee Muli aliinua mguu, mtu wa kanisa, mzee wa watu, akaipiga teke sufuria. Uji ukamwagika motoni, mvuke ukapanda, Mutheu akaruka na mtoto. Tone moja lilimpata Mutheu mguuni na lile kovu yuko nalo mpaka leo. Nimewahi kuona watu wakifanya mabaya makubwa kuliko hayo. Sijawahi kuona lingine lililonichoma hivyo, yaani mzee mzima, na viatu vya Jumapili, kumwaga uji wa mzazi.

Walitutoa jioni hiyohiyo. Hawakusema wanatufukuza, walisema wanatuhamisha. Tulipelekwa banda la mnada wa mbuzi kule sokoni, paa bila kuta, wakatupa na karatasi za nailoni tujizungushie. Tulipokuwa tunafunga vitu Susu alienda nyuma ya kanisa akarudi na lile jiwe ndani ya kiondo, mshipi kichwani, shingo imekaza. Mtu wa kamati akamzuia. Susu akasema, "Mmesema nimeliharibu. Mtampa mheshimiwa wenu jiwe limeungua? Basi ni langu." Na kweli wangefanya nini nalo? Walichonga lingine. Kule kwa mbuzi akaokota mawili ya kuandamana nalo, akaweka mafiga yake katikati ya banda mbele ya kila mtu, tukapika uji mwingine kwa wimbi tuliloombaomba, na yule mtoto akaitwa Mumbua. Maandishi Susu aliyageuza yaelekee ndani, motoni.

Tulikaa kwa mbuzi mwaka mzima. Mabanda ya dharura, ndivyo walivyoyaita watu wa mikutano, na mimi sijaona dharura ndefu kama ile. Mchana wa mnada tulitoka na vitu vyetu tukasimama kando mpaka mbuzi wauzwe, kisha tukafagia na kurudi. Kila kikao nilichosikia kikifanywa juu yetu kilikuwa juu ya wapi tupelekwe, hakuna hata kimoja kilichouliza kwa nini tusirudishiwe pale pale tulipokuwa, juu kidogo tu ya mto. Kaka yangu barabara ilipofunguka alikuja, akakaa mlangoni mwa banda lisilo na mlango akimpakata binti yake. Baridi ya Julai ilimwingia Susu kifuani. Alikohoa mpaka ndengu za msimu uliofuata zilipokauka, na akafa mchana mmoja huku akinikemea kwamba nimezidisha kuni. Pasta alikuja kuzika. Alisema, kwa sauti nzuri, kwamba leo tunamsindikiza mgeni wetu. Nilitaka kumrukia pale kaburini. Mutheu alinishika kanga, na sijui mpaka leo kama nimshukuru.

Sasa Mumbua ana lori lake dogo, ananunua matunda yetu ya Kilungu na kuyashusha barabarani. Jioni ya ile simu alinikuta jikoni nimefura, nikamweleza. "Twende, Aunty," akasema. "Twende tukatoe ushuhuda?" "Si ndio wanataka? Twende tutoe." Kisha akainama, akaiepua sufuria yangu ya isyo, mahindi na maharagwe, ikiwa bado inachemka, akaweka kando, akalitazama figa la tatu, lile la Susu. Limekatika pembe moja na limekuwa jeusi kabisa. Nimepikia juu yake tangu nilipoolewa. "Na hili tunaenda nalo," akasema.

Tulikuta mahema meupe, viti vya plastiki vyenye vitambaa, ukumbi mpya umefungwa utepe. Mzee Muli alishakufa. Lile kanisa la zamani lilikuwa kando, na mlangoni pake palikuwa na wanawake wamekaa chini na watoto, leso zimefungwa kwenye kamba ndani kama nilivyoziacha. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Nikamsalimu, nikamuuliza kama amekula. "Bado," akasema. "Tunangoja wageni wakule kwanza." "Na nyinyi ni nani?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Sisi pia ni wageni." "Mnatoka wapi?" Akaonyesha kwa kidevu, kule chini, mtoni. "Hapo tu." Nilihisi ile hasira ikinipanda kutoka miguuni, changa, haijazeeka hata siku moja. "Kwa nini hupikii mtoto uji?" Akasema wameambiwa hakuna kuweka mafiga. Yaani neno kwa neno.

Mumbua alishusha mawe matatu kutoka kwa lori, lile la Susu na mengine mawili ya jikoni kwangu, akayapanga nyuma ya ukuta ule ule, akamwuliza yule mama unga uko wapi. Kijana wa kanisa, yule wa simu, alikuja mbio. "Dada, hapa haturuhusu mafiga." "Sijauliza," Mumbua akasema, na akapuliza moto. Wakati huohuo nikasikia jina langu kwenye kipaza sauti: sasa tumkaribishe mgeni wetu kutoka Kilungu, mmoja wa wale kanisa lilihifadhi mwaka wa mvua, atupe ushuhuda.

Nilipita mbele. Walinipa maikrofoni. Nilikuwa nimepanga mengi ya kusema, juu ya uji, juu ya mguu wa Mutheu, juu ya Susu na kaburi lake. Kabla sijaanza, upepo ukageuka na moshi wa kuni mbichi ukapita juu ya ule ukuta, ukaingia hemani mzima mzima, mpaka kwenye meza ya mbele. Mgeni wa heshima wa siku hiyo akakohoa, akatoa kitambaa, akafuta macho. Mwenyekiti wa sasa akainuka nusu, akaangaza huku na huku. "Ni nani huyo anapika huko nyuma?" akauliza. "Ni akina nani?"

Nilikuwa bado nimeshika maikrofoni.

"Ni wenyeji," nikasema.